Kitufe Hakina Mtoto

Wakiniuliza kama nimesamehe, nasema sijasamehe, na sina haraka.

Programu ya kuwasajili wakulima wa korosho wa Makote niliiandika mimi, chumbani kwangu Newala, miezi mitatu mizima. Mwenzangu wa ofisini akaipeleka kwa bosi kama yake. Mwenye programu ndiye angekabidhiwa usajili wa wilaya nzima. Nilipomkabili alicheka: "Wewe huna hata mtoto, utajulia wapi kuwaamkia wazazi wa watu?" Lo! Yaliniuma, wallahi.

Maana salamu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Basi fanksheni yangu, yaani kipande cha programu cha kutoa salamu, iliandika "Shikamoo Baba", kisha ikasoma this.mtoto. Hilo neno this halina mtu wake wa kudumu. Linamshika yeyote anayeiita fanksheni wakati huo. Ikiitwa kupitia mkulima, inasoma mtoto wa mkulima. Ukiichomoa ukakikabidhi kitufe cha skrini, inatafuta mtoto wa kitufe. Na kitufe kimezaa lini?

Siku moja kabla ya kumwonyesha bosi programu, niliona ameichomoa, ameibandika kwenye kitufe hivyo hivyo, bila bind, ile amri ya kuifunga kwa mkulima. Nimwambie? Thubutu! Nilichemsha chai yangu nikanywa taratibu.

Kesho yake ghalani Makote, mbele ya bosi na wakulima, akabonyeza. Skrini ikaandika: "Shikamoo Baba undefined," neno la kompyuta ikikosa jina. Akamwita mzee wa pili, akabonyeza. Baba undefined tena. Wazee wakaangua kicheko, mmoja akauliza huyo Undefined ni mtoto wa ukoo gani. Shati lilimganda mgongoni kwa jasho. Akanisogelea akinong'ona, "Dada, niokoe, tafadhali."

"Sema kwanza nani aliiandika. Kwa sauti."

Akasema. Nikamrudisha aseme tena, eti bosi hajasikia vizuri.

Ndipo nikakaa, nikaongeza bind(mkulima), nikabonyeza. Mzee wa kwanza alipoona jina la binti yake kwenye skrini, aliitikia kabisa: "Marahaba!" Kisha akanigeukia. "Ahsante, Mama Programu."

Mpaka leo Makote naitwa hivyo, na naitika. Yule bwana ana watoto wanne, lakini wakulima wanamwita Baba Undefined. Alinijia akiomba niwakataze. Nikamwambia hiyo siwezi kuirekebisha.