Uzio wa Chelewa

Mwaka 1975, wiki tatu kabla ya maonyesho ya Sabasaba, Bakili alinunua fagio la chelewa Kariakoo akalifungua njiti moja moja. Alikuwa seremala katika karakana moja ya Gerezani, na alipewa kazi ya kutengeneza kijiji cha ujamaa juu ya meza: nyumba arobaini, shule, zahanati, na watu wenye kimo cha njiti ya kiberiti.

Nyumba alizimaliza upesi. Uzio ndio uliomkalisha. Jioni, chumbani kwake Mtaa wa Msimbazi, alizipasua chelewa kwa wembe, akazichemsha kwenye majani ya chai hadi zikapata rangi ya mabua yaliyonyeshewa, kisha akazifunga kwa nyuzi alizochambua kwenye gunia.

Bi Zamzam, mwenye nyumba, alichungulia mlangoni.

“We Bakili, unawajengea sisimizi?”

“Najenga kwetu, Bi Zamzam.”

“Kwenu ndiko kudogo hivyo? Basi ndiyo maana huendi.”

Alicheka akaenda zake. Bakili akabaki ameshika wembe.

Kwao, upande wa Newala, hakukuwa tena na kwao. Binamu yake alikuwa ameandika: watu wamehamishiwa kando ya barabara, nyumba za zamani zimebomolewa, na mama amefariki huko kupya kabla paa lake halijaezekwa. Barua ilifika maziko yamepita.

Ndiyo maana, mbali na uzio wa bustani ya shule na wa zizi, alizungushia uzio nyumba moja tu. Ulikuwa uzio wa mama yake hasa: unafika kifuani, na upande wa jirani una pengo la upana wa mabega. Kwao kila uzio uliachwa hivyo. Hapo ndipo kaa la moto lilipoombwa alfajiri, chumvi ikapita, mgonjwa akajuliwa hali. Mwanamke aliyeziba pengo lake alikuwa ametangaza kwamba hataki tena kusemeshwa na jirani.

Siku moja kabla kijiji hakijachukuliwa, msimamizi wa maonyesho, Ndugu Filbert, alikuja karakanani kukikagua. Akaizunguka meza, akasimama.

“Ndugu Bakili, huyu aliyejizungushia uzio peke yake ni nani? Bepari?”

Mafundi wakaangua kicheko.

“Ni mama mzee, ndugu. Naomba abaki nao.”

Filbert hakuwa mtu mbaya. Aliinama akautazama uzio kwa muda mrefu.

“Haya, abaki nao. Kazi ni nzuri. Lakini ziba hilo pengo, wageni watasema fundi kaishiwa vijiti.”

Akatoka na wenzake kwenda kunywa chai.

Bakili alichagua chelewa tatu, akazipima kwenye pengo. Zilienea sawasawa. Alizishikilia hapo, akaitazama nyumba ikiwa imefungwa pande zote, na jirani upande wa pili. Kisha akaziweka chini, akaanza kuung'oa uzio wote, taratibu, kutoka kwenye kona.

Filbert alirudi akamkuta anachanganya mchanga na gundi.

“Umeung'oa? Si nimekuruhusu?”

“Umeniruhusu, ndugu.”

“Sasa?”

“Hivi ni afadhali.”

Filbert akainua mabega. Bakili aliendelea kuvifukia vitundu vilivyobaki mezani, kimoja baada ya kingine, akivisawazisha kwa kidole.