Meno ya Kiatu cha Murielle

Saa kumi na moja na robo asubuhi, Libère Nahimana amekigeuza kiatu cheupe cha kutelezea barafuni, amekisogeza chini ya taa, na anakitazama kama mtu anayetazama mguu wa ndugu yake uliovunjika.

Anakiweka mezani. Anakichukua tena. Anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali, kutoka kisigino kwenda mbele, taratibu. Mahali ambapo ukucha ungekwama kwenye jino, unapita tu mpaka nje, kana kwamba unapita mgongoni mwa kijiko.

"Wamemng'oa meno," anasema hatimaye. "Mtoto ana mchujo Jumamosi, leo ni Jumanne, na wamemng'oa meno."

Chumba anachofanyia kazi ni kidogo kiasi kwamba akinyoosha mikono yote miwili anagusa kuta. Kiko nyuma ya dirisha la viatu vya kukodi, kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka mashariki mwa Johannesburg. Upande wa pili wa ukuta wasichana wanazunguka barafuni wakiwa bado na usingizi machoni. Ikifika saa moja watu wa hoki watawatoa, na baada ya hapo ni zamu ya watoto wa sherehe za kuzaliwa.

Libère ana miaka arobaini na tisa. Amezaliwa Buyenzi, jijini Bujumbura, kwenye karakana ya baiskeli ya mjomba wake. Kwa miaka kumi na sita sasa yeye ndiye anayenoa viatu vya timu ya taifa ya mchezo wa kuteleza kwa madaha. Timu hiyo imesafiri nchi nyingi. Yeye hajavuka mpaka wa mto Limpopo tangu aingie nchini akiwa mkimbizi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kiatu chake kinaweza kumdanganya. Chini yake kuna chuma kirefu kama kisu, chenye mfereji mwembamba katikati na makali mawili kandokando. Mbele kabisa, chini ya vidole vya mguu, kuna meno kama ya msumeno. Jino la chini ndilo kubwa. Mchezaji hulichomeka barafuni ili ajirushe hewani, na anapozunguka kama pia, ndilo linalomshikilia asiende kokote.

"Kuliondoa hilo," anasema Libère, "ni kumpa mtu ngazi uliyokata kidato cha kwanza, kisha umwambie apande haraka, watu wanasubiri."

Aliyeliondoa ni fundi wa visu wa Fordsburg, mtu anayewanolea wachinjaji, ambaye hana kosa lolote. Alifanya alichoagizwa. Aliyemwagiza ni mama mzazi wa mwenye viatu.

Mwenye viatu anaitwa Murielle, ana miaka kumi na saba, na sasa yeye ni nusu ya timu ya taifa ya wanawake.

Hiyo si tamathali ya semi. Hadi mwaka jana timu ilikuwa na wanawake watano. Msimu mmoja ukawaondoa watatu. Wa kwanza alishindwa na goti. Wa pili aliolewa, akahamia ng'ambo. Wa tatu, Ilse, aliyeitumikia timu kwa miaka kumi na miwili, alichoka kujilipia nauli ya kwenda kuiwakilisha nchi, akavua viatu katikati ya mazoezi na kwenda kunywa kahawa. Wakabaki msichana mmoja wa Cape Town na Murielle. Bango la mlangoni bado lina sura tano, zote zinatabasamu.

Libère anapolizungumzia bango hilo hukuna kichwa. Anasema kila mtu alijua wale watatu wangeondoka siku moja, kwa sababu magoti hayana siri, na bado hakuna aliyeandaa wa kuwafuata. Kocha Orpha, mwanamke mpole anayefundisha uwanjani hapo, ameandika barua tatu kwa wakuu wa mchezo. Amejibiwa moja, na jibu lilikuwa la kumtakia sikukuu njema.

Wale watatu walipoondoka, kazi nayo ilipungua. Zamani Libère alikuwa akinoa jozi ishirini kwa wiki, nje ya viatu vya kukodi, na kila jozi ilimpa randi mia moja na ishirini juu ya mshahara wake wa randi elfu sita na mia nane. Sasa akipata jozi saba anashukuru. Meneja wa uwanja ameshamdokeza kwamba timu ikifa, saa za alfajiri watapewa watu wa hoki.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo si ya Murielle peke yake. Akifikisha alama zinazotakiwa, nchi itakuwa na wanawake wawili wa kupeleka mashindano ya nje, na alfajiri itabaki ya wasichana. Akikosa, hakuna anayejua.

Saa tatu mama yake anafika. Victorine ni mzaliwa wa Uvira na ana kiti chake kwenye saluni moja huko Berea. Amekuja kabla ya kufungua kazi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake. Murielle, aliyezaliwa Johannesburg, anakisikia Kiswahili chote ila hukijibu kwa Kiingereza. Amekaa kwenye benchi, soksi miguuni, anatazama ukuta.

"Mama Murielle," Libère anaanza, akijizuia, "nani alikuambia uyatoe?"

"Macho yangu, Papa Joël." Joël ni mtoto wa kwanza wa Libère, na wote wanaomheshimu humwita hivyo. "Nilimwona kwa video, kwa simu ya mwenzake. Kila akianguka, ile meno ndiyo inamkamata kwanza. Nikasema, kisu gani hiki cha kutega mtoto?"

"Anaanguka kwa sababu anajifunza kuruka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Libère anasema alikuwa mgonjwa. Ni kweli. Wiki iliyotangulia kifua kilimlaza siku sita kwenye chumba chao cha kupanga, hapo hapo Berea, mkewe Clémence akimkanda kwa maji ya moto.

"Uliumwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwako," Victorine anamjibu. "Visu vikawa butu, mtoto analia, hapa hakuna mwingine anayejua. Miaka nane nakuletea viatu. Unavipokea kwa dirisha kama askari wa gereza, unafunga mlango, unavirudisha. Ulinieleza hata jino moja, Papa Joël? Mimi nasuka mlango wazi. Anayetaka kujifunza, ananiibia kwa macho, na sijafa njaa."

Libère anachukua kitambaa na kuanza kufuta mashine ambayo haina vumbi.

Baadaye, Victorine akiwa ameshaondoka, anakubali kwamba maneno yale yalimkaa. Mwenyewe alijifunza kazi hii kwa mzee mmoja aliyekuwa akinoa huku amegeuza mgongo. Libère alikuwa mfagizi wakati huo. Kwa miaka mitatu alitazama viwiko vya mzee, akabahatisha mikono ilikuwa inafanya nini. Mzee alipokufa ghafla, uwanja mzima ulikaa wiki mbili bila mtu wa kunoa, mpaka mfagizi aliposema ngoja nijaribu.

"Nikajiambia, hii ndiyo siri yangu," anasema. "Mkimbizi asiye na siri hana kazi. Karatasi yangu ya ukimbizi inaisha, naipangia foleni upya, kila mara sijui kama watanipa. Lakini hapa hawawezi kunifukuza, maana hakuna mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza. Eish. Nawalaumu wakubwa wa mchezo hawakuandaa watu, na mimi je?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Libère alikuwa ameuficha ufundi wake vizuri mno.

Vyuma vipya vya kiwango cha Murielle vinauzwa zaidi ya randi elfu tisa, na havipatikani Johannesburg. Huagizwa, na vikija mapema huchukua wiki tano. Mchujo ulikuwa baada ya siku nne. Mtu pekee aliyekuwa na vyuma vya aina ile, vyenye urefu unaokaribiana, alikuwa Ilse.

Libère alimpigia simu mchana ule ule. Ilse alimkumbusha kwamba alishaapa: barafu anataka kuiona kwenye glasi tu. Libère hakumbembeleza. Alimweleza kilichotokea kwenye meno. Upande wa pili wa simu kukatoka mguno wa mtu aliyeumia mwenyewe.

Jumatano alfajiri Ilse alikuja na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Hakuingia uwanjani. Alisimama dirishani, akamwambia Libère kwa Kiingereza maneno ambayo fundi huyo anayarudia kwa Kiswahili huku akicheka kidogo.

"Nimewapa miaka kumi na miwili. Leo nawapa vyuma. Nikija tena wataniomba figo."

Kisha akamwita Murielle, akamshika bega, akamwambia asimwige yeye, aruke kama yeye mwenyewe. Akaenda zake.

Kazi iliyobaki haikuwa ndogo. Vyuma vya Ilse vilizidi soli ya Murielle kwa upana wa ukucha, na matundu ya skrubu hayakulingana. Libère alichonga vijiti vya mti, akavipaka gundi, akaziba matundu ya zamani moja moja, akaviacha vikauke mpaka Alhamisi. Ndipo akatoboa upya, akafunga, akalegeza, akasogeza kidogo upande wa ndani, akafunga tena. Chuma kikipinda hata kwa unene wa karatasi, mchezaji huvutwa upande mmoja kama baiskeli yenye uma uliopinda.

Murielle alipata asubuhi moja tu ya mazoezi. Alitoka barafuni akasema ni kama ametembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Jumamosi, majaji watatu walikaa na blanketi magotini. Msichana wa Cape Town alipita bila shida. Murielle aliingia wa pili. Mruko wa kwanza alitua. Wa pili, jino lilishika barafu mapema kuliko alivyozoea. Akaanguka kwa nyonga, sauti ikasikika mpaka kwenye viti vya juu. Victorine, aliyeacha kiti chake cha saluni kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi ili aje kutazama, alijifunika uso kwa mtandio. Murielle akainuka, akamaliza yote yaliyobaki, akainama mbele ya majaji kama alivyofundishwa.

Alikosa alama mbili na nusu.

"Mbili na nusu," Libère anarudia, akihesabu kwa vidole. "Mruko ule mmoja ulikuwa na zaidi ya hizo. Angekuwa na vyuma vyake, au angekuwa na wiki mbili tu juu ya hivi, tusingekuwa tunazungumza hapa."

Hamlaumu Victorine kwa sauti tena. Siku hiyo walipokutana nje, kila mmoja alianza kuomba radhi wakati mmoja, wakakatizana, kisha Victorine akasema basi, wote wawili ni wajinga, waende wakamnunulie mtoto chipsi.

Kuna mchujo mmoja zaidi, wa mwisho, baada ya wiki saba. Kocha Orpha amepanga upya ratiba nzima ili Murielle avizoee vyuma vya Ilse. Libère naye amemwendea meneja na ombi ambalo, anasema, lilimtoa jasho kuliko foleni ya karatasi: kila Jumamosi, baada ya mazoezi, mzazi au mchezaji yeyote aingie kwenye chumba chake ajifunze kunoa. Meneja alimuuliza kama anataka nyongeza ya mshahara. Akasema hapana. Alipofika nyumbani Clémence alimwambia hapo amekosea, na sasa anakubali kwamba alikosea.

"Nataka siku nikiumwa, kazi isiumwe," anasema. "Na nikizeeka, asitafutwe mfagizi wa kubahatisha."

Jumamosi ya kwanza wanakuja watu sita. Chumba kinachukua wawili, wengine wanachungulia mlangoni. Libère anaeleza mfereji, anaeleza makali, na anafika kwenye meno. Anasema meno hayaguswi. Anasema mara ya pili. Anaandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani.

Baba mmoja, mlinzi wa usiku aliyekuja na sare zake, anainua mkono. Anauliza kama meno hayawezi kupunguzwa kidogo tu, maana binti yake anaanguka sana.

Libère anafumba macho.

"Kaa chini, baba," Victorine anamwambia yule mlinzi, ingawa hakuna kiti. "Mimi niliyatoa yote. Uliza mimi."

Watu wanacheka. Libère anafungua macho, anachukua kiatu cha Murielle, anakiweka mikononi mwa Victorine na kuwasha mashine. Anamwonyesha pa kushika. Kisha anafanya jambo ambalo, kwa kumtazama, unaona linamgharimu: anarudi nyuma hatua moja, anafumbata mikono mgongoni, na kumwacha.

Cheche zinaruka. Victorine anapitisha chuma kwenye jiwe mara moja, mara mbili, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo kama anapokamilisha msuko mwembamba. Anazima mashine, anampa kiatu. Libère analaza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya makali yote mawili, anakiinua kwenye taa, anafumba jicho moja. Kipande kimelala upande.

"Kulia kumezidi," anasema.

"Kidogo tu, Papa Joël."

"Kidogo ndicho kilichotuangusha." Anawasha mashine tena na kumrudishia kiatu. "Rudia. Tuna wiki sita."