Simu Zote Ndani ya Beseni

Jumamosi ile naikumbuka, mwanangu, na hadi leo nikiifikiria mwili unanisisimka. Usidhani nilikuwa kijana. Makosa ya ujana nimeyafanya mengi, na mengine nimeshayasahau. Hili nililifanya nikiwa na mvi, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tunduma, nina sauti ambayo ikitoka watu wanakaa. Ndiyo maana linauma.

Kitinda mimba wangu, Lusajo, alikuwa ameingia kwenye tuzo za televisheni huko Dar es Salaam, ile ya msanii mpya wa kiume anayependwa zaidi. Walikuwa wamebaki watatu. Muziki wake sikuuelewa, nakiri. Wimbo wenyewe niliusikia kwenye bajaji kabla hajaniambia ni wake. Lakini mimi niliishia darasa la tatu kule Iyula, nikaanza maisha kwa kusukuma toroli la mizigo mpakani. Leo naona sura ya mtoto wangu kwenye kioo cha televisheni! Nilivimba kifua. Akanipigia simu akasema, "Baba, nimehangaika miaka minne. Hii nikiikosa naacha muziki, narudi nyumbani." Basi ujue hapo mtoto alikuwa ameniwekea maisha yake mkononi.

Kura zilipigwa kwa ujumbe wa simu, simu moja kura moja, mwisho saa kumi jioni. Mshindi angetangazwa saa kumi na mbili. Na nani anaongoza, ilikuwa inapita chini ya kioo mchana kutwa. Hapo ndipo nikajiona mjanja. Mimi ni mtu wa mpakani. Bei yako ukiitangaza asubuhi, jirani anashusha ya kwake hujamaliza hata kufungua mlango. Nikasema kura zetu tutazificha, tutazimwaga zote kwa pamoja robo saa kabla ya kufunga, wale wengine wasipate muda hata wa kushtuka.

Nikakusanya watu uani nyuma ya duka. Ndugu walitoka Iyula na Ihanda, kwaya ya kanisani ikaja nzima, wapagazi, mafundi, kina mama wa sokoni. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Tukala ubwabwa. Kisha nikaleta beseni kubwa la kufulia, nikasema kila mtu aweke simu yake humo, maana binadamu namjua, atashindwa kujizuia atume mapema. Wakacheka, wakaweka. Mwanangu, watu wazima! Mzee wa kanisa aliweka yake, tena akanishukuru.

Kulinda beseni nilimpa Neema, binti anayeuza vocha chini ya mwamvuli mbele ya duka langu. Tulikaa tukitazama televisheni, mara Neema akanisogelea.

"Baba Lusajo, tuwarudishie watu simu zao sasa."

"Bado."

"Muda umekwenda, baba. Naona kama hiyo..."

"Neema, wewe kauze vocha. Saa ninayo mimi." Nikainua simu yangu juu kila mtu aione. Watu wakaangua kicheko. Akarudi kwenye beseni.

Baada ya muda ile hesabu ikaacha kupita kwenye kioo. Nikawaambia, "Mmeona? Wameificha, wanatuogopa." Wakapiga makofi. Watu walikuwa tayari kupigia makofi chochote nilichosema siku ile.

Saa yangu ilipofika nikatoa amri. Simu zikagawanywa, vidole vikafanya kazi, na majibu yakaanza kuingia kwa pamoja, uani kote kukawa kunalia kama mzinga wa nyuki. Nikangoja vigelegele. Hakuna. Nikatazama nyuso za watu.

"Somea watu," nikamwambia mwalimu wa kwaya.

Akasoma polepole. "Samahani. Upigaji kura umefungwa."

Nilipiga kelele zikasikika barabarani. Wezi! Wamefunga kabla ya wakati! Halafu, Mungu anisamehe, nikamgeukia Neema. "Wewe ndiye ulikaa na simu! Umenunuliwa na nani?"

Alisimama, akanitazama usoni. "Baba, hiyo simu yako imeshika mnara wa Zambia."

Kama hukukulia hapa, nikueleze. Wenzetu wa Nakonde, hatua chache tu toka kwetu, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Simu ikinasa mnara wao inarudisha saa nyuma yenyewe bila kukuuliza. Hapa Tunduma ukimtajia mtu saa, anakuuliza: ya huku au ya kule? Kila mtu anajua. Na mimi nimeuvuka mpaka ule kabla Neema hajazaliwa! Niliitazama simu kiganjani. Saa kumi ilikuwa imepita zamani.

Saa kumi na mbili wakatangaza. Lusajo alikuwa wa pili. Mtangazaji alitaja tofauti ya kura, na ilikuwa ndogo kuliko idadi ya watu waliokula ubwabwa wangu. Wakamwonyesha mtoto wangu akimpigia mwenzake makofi, anatabasamu kwa mdomo tu.

Nikaanza kuilaani simu. Dada yangu Eliza, mkubwa wangu kwa miaka tisa, mkulima wa kahawa kule Iyula, akanikatisha mbele ya watu wote.

"Yohana, iache simu. Simu moja ilikuwa na saa mbovu, sawa. Zenye saa nzuri zilikuwa wapi?"

Nikageuza macho kwenye beseni.

"Zilikuwa kwenye beseni. Nani aliziweka? Na aliyetaka kukuambia ulimfukuza kama kuku. Sasa unamwita mwizi."

Mwanangu, nimepigwa na maisha, nimelala na njaa, lakini hakuna kofi lililoniingia kama lile. Nikamwomba Neema radhi palepale. Kisha Lusajo akapiga simu. "Baba, watu wetu walipiga kura?" Nilitamani kusingizia mtandao. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Haya, baba," akakata.

Alirudi wiki ile ile. Yuko dukani, anapima misumari, ana adabu kuliko zamani. Sijamsikia akiimba, hata bafuni.

Kwa hiyo nakwambia wewe ambaye kesho utakuwa mkubwa wa nyumba, wa duka, au wa kwaya. Watu wakicheka vizuri kwa kila unachosema, shtuka. Anayekuja kukusemesha kwa woga, mwache amalize sentensi yake, hata kama anauza vocha, hata kama wewe una godauni tatu. Usimnyang'anye mtu mzima kilicho mkononi mwake kwa kudhani wewe peke yako una akili. Na ukiharibu, usitafute mnyonge wa kumbebesha. Sema ni mimi, mbele ya walewale uliowakusanya.

Mungu akupe watu wasiokuogopa, mwanangu, akupe na moyo wa kuwavumilia wanapokukatisha. Kazi ya mikono yako iwafikie wanao ikiwa nzima. Amina.