Pigo Moja la Kengele

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Nilikuwa nimetoka chuo, magwanda bado yana mikunjo ya pasi, nikaripoti asubuhi na mapema katika kituo kimoja cha Tanga mjini. Aliyepokea askari wapya alikuwa Sajini Meja, Mbondei mfupi asiye na papara. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Unajua kupika chai?"

"Najua, afande."

"Basi usimwambie mtu humu ndani. Wakikujua kwa chai, hawatakujua kwa kazi."

Nilimshika neno. Mpaka nastaafu sikuwahi kugusa birika la kituo, na wapo wakubwa walioninunia kwa hilo. Mabinti mnaoingia kazini sasa mmekuta mambo yamelainika, lakini ushauri ule nawapa kama nilivyopewa.

Nilianzia kaunta, yaani pale mlalamikaji anapofikia. Hapo wanakuja watu wa kuku walioibwa, watu wa ndoa, watu wa mipaka ya viwanja. Kazi ya askari wa kaunta ni kuchuja. Hili ni jinai, la serikali kumshtaki mtu; hili ni madai, mwenyewe alipeleke barazani au mahakamani. Inaonekana kazi ya kukaa, lakini jioni unatoka kichwa kinavuma. Baadaye nikapelekwa doria, nikapata ukoplo, nikahamishiwa Pangani.

Mkuu wa Kituo wa Pangani alikuwa Mkaguzi aliyechukia mbio. Siku moja tuliitwa Ushongo, mgeni wa hoteli kaibiwa kamera, nami nikashuka garini nikitimua vumbi. Aliniita mbele ya watu. "Koplo, askari akikimbia, kijiji kizima kinakimbia. Tembea." Niliona aibu siku ile, ila nilijifunza kutembea. Kamera yenyewe ilikutwa chini ya kitanda cha mwenyewe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mbali, kupita Moa, karibu na mpaka. Jina la kijiji sitalitaja, wenyewe wamesemwa vya kutosha. Kituo kilikuwa vyumba viwili na askari watatu: Mkuu wa Kituo, mimi niliyekuwa nimeshapata usajini, na Konstebo Komba, kijana wa Songea aliyekuwa bado anashangaa watu kula muhogo kwa samaki asubuhi. Kazi zilikuwa magendo madogo madogo, ajali za bodaboda, na nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba. Kwa sababu ya nguruwe hao, wanaume wachache walikuwa na magobore ya leseni. Gobore ni bunduki ya kushindilia: unatia baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, unagandamiza kwa ufito, unapiga mara moja, kisha unaanza upya.

Mmoja wa wenye gobore aliitwa Rajabu. Shule ya msingi ilipoongeza madarasa, msingi wa darasa moja ulipita katikati ya minazi aliyoachiwa na baba yake. Aligombana na mwalimu mkuu, akaja kituoni, nami nikamwambia kama kazi inavyotaka kwamba hilo ni la madai, aende baraza la ardhi. Alinishukuru akaondoka. Alikuwa mtu wa adabu, sauti yake hata mlango wa pili haifiki.

Asubuhi ya tukio Mkuu wa Kituo alikuwa kikaoni wilayani na gari letu pekee. Akaja kijana wa bodaboda, hata pikipiki hakuisimamisha vizuri.

"Shikamoo, afande. Rajabu kapiga bunduki shuleni! Mwalimu mkuu kapigwa, na mtoto kapigwa."

"Wazima?"

"Mwalimu mzima, ni paja tu. Mtoto... mie sikuweza kutazama."

Nikampigia simu Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Mrakibu mwenye sauti nzito.

"Mko wangapi?"

"Wawili, afande."

"Fungeni eneo. Msiingie. Kikosi kinakuja."

Kufunga eneo ni kulizunguka ili asiingie mtu wala asitoke. Shule ile haikuwa na uzio, ina njia za miguu kila upande, na sisi tulikuwa wawili. Mvua nazo zilikuwa zimekata barabara, kikosi kingefika mchana kikifika mapema. Nilisema ndiyo, afande, tukachukua bunduki zetu mbili za SMG tukapanda bodaboda.

Kijijini ukunga, yaani yowe la kuomba msaada, ulikuwa umeshapigwa. Kwa watu wa kule, ukisikia ukunga unakimbilia unakotoka, hukimbii kinyume chake. Kina baba walikuwa wanamiminika na mapanga na mashoka, kina mama wanalia majina ya watoto wao. Nilimwacha Komba awazuie barabarani pamoja na mwenyekiti wa kijiji, nikazunguka nyuma ya vyoo mpaka kwenye tenki la maji. Huko nilimkuta Mwalimu Zuhura, mwalimu wa zamu, amemfunga mwalimu mkuu paja kwa mtandio wake. Ushungi hana, mikono imejaa damu.

"Mtoto yuko wapi?" niliuliza.

"Keshakufa, afande. Wa darasa la pili. Nimemuua mie."

Nilimshika mabega akanieleza. Rajabu alimpiga mwalimu mkuu mlangoni mwa ofisi. Zuhura akakimbilia kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, akaigonga kwa nguvu ili watoto wajue kuna hatari wakimbie. Lakini kengele ya pale ilikuwa na milio miwili tu. Ikigongwa harakaharaka ni kupanga mstari. Ikigongwa polepole, kwa kuachia nafasi, ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Mlio wa hatari haukuwepo, nani angeufikiria? Watoto wakatoka madarasani, wakaja uwanjani wakapanga mstari kwa urefu kama kila asubuhi, mbele ya mtu aliyekuwa ameshamaliza kushindilia tena. Alipopiga ndipo walimu wakawakusanya, wakawarudisha darasani, wakafunga milango kwa madawati.

"Wakisikia kengele sasa?" niliuliza.

"Wakubwa labda watasita. Wadogo watatoka," alisema. "Ndivyo tulivyowafundisha."

Nilichungulia. Rajabu alikuwa amekaa barazani kwa darasa la tano, gobore magotini. Nyuma yake na kushotoni kwake kulikuwa na vyumba vilivyojaa watoto, madirisha yote yana nondo. Mwarobaini ulikuwa kati yake na mimi. Kama ameshindilia mara ya tatu au la, hakuna aliyeona. Nikasimama kando ya tenki, bunduki begani.

"Rajabu! Ni mimi, Sajini Mwanahamisi."

"Nakujua. Si wewe ulonambia niende barazani?"

"Ni mimi. Weka bunduki chini tuzungumze."

"Barazani nimekwenda. Nimekwenda mpaka nimechoka kwenda."

Sauti ilikuwa ileile ya kituoni, taratibu. Nilimwambia watoto hawana kosa. Akasema, "Watoto siwataki mie." Nikamwambia kama huwataki, waache watoke waende kwao, mama zao wako njiani wanalia. Aliinama, kisha akanyanyuka. Gobore alilishika kwa mkono wa kushoto, mdomo chini, kama mtu anayerudi shamba. Akaanza kutembea kuelekea mwarobaini.

"Rajabu, simama hapo!"

Hakusimama.

"Usiguse kengele! Nitapiga!"

Mkono wa kulia ulikwenda kwenye kipande cha nondo kilichokuwa kimechomekwa penye rimu. Akagonga mara moja. Mlio ulijaa uwanja wote. Akanyanyua mkono tena, nami nikafyatua.

Alikufa papo hapo. Kabla sijamfikia, mlango wa darasa la kwanza ulisukumwa, wakatoka watoto kama saba, wakaja mbio uwanjani. Aliyetangulia, kasichana ka gauni la buluu, alisimama mahali pake pa mstari, akanyoosha mkono mbele kupima nafasi ya mwenzake. Mwalimu Zuhura alikimbia akawafunika kwa mwili wake asione mtu kilicholala chini ya mti. Mimi nilikagua gobore, maana hiyo ndiyo hatua inayofuata. Lilikuwa limeshindiliwa.

Kikosi kilifika alasiri, tope mpaka magotini. Uchunguzi ulifanyika, nikahojiwa, nikaonekana sina kosa. Mrakibu aliniita ofisini kwake akanipa mkono.

"Umefanya kazi yako, Sajini. Alikuwa anawaita tena mstarini, awamalize."

"Ndiyo, afande."

Kijijini nako maneno yaligawanyika. Wengine walisema kama Mrakibu. Wengine, hasa majirani wa Rajabu, walisema nilimwomba awaache watoto waende, akaenda kuwapigia ruhusa, nikamuua. Kila upande ulikuwa na uhakika. Mimi niliyekuwa pale nilisikia pigo moja, na pigo moja ni moja, liwe la haraka au la polepole. Ningesubiri la pili ndiyo ningejua. Kufyatua sikujutii, na ningerudishwa pale leo ningefyatua tena. Lakini nilimsikitikia mtu yule, bado namsikitikia, na zipo siku namchukia kwa kuniachia mzigo huu.

Nimestaafu, nakaa Makorora. Askari vijana huja kuniuliza juu ya siku ile, wanataka niwape kanuni. Nawaambia waende kila shule ya eneo lao kabla ya tatizo, waulize kengele zao zina milio mingapi, wahakikishe upo mlio wa kujificha na watoto wameuzoea. Mengine watayakuta hukohuko.

Mwaka niliostaafu nilirudi kijijini mara moja, nikaenda kwa mama yake Rajabu. Nilimkuta uani anachambua mchele, macho yamefifia kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakujua weye." Akaendelea na ungo wake. Baadaye akauliza, "Ulikuwa karibu. Mwanangu alikuwa yuwaita, ama alikuwa yuwaruhusu?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kumfariji. Yote yalinitoka.

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

Aliweka ungo chini, akavuta mkeka akanionyesha nikae.

"Wote waliokuja hapa wajua," alisema. "Ni weye tu na mie tusojua."