Mbwa Wangu Nitamlisha Mwenyewe

Kutoka Mbeya hadi Karagwe nilitumia muda mrefu kuliko barabara inavyotaka, maana kila mji ulinishika. Tabora nilifyatua matofali. Kahama nilibeba magunia. Biharamulo nililima mpaka mahindi yakakomaa, kisha miguu ikaniwasha tena kutaka safari. Nilifika Nyabiyonza msimu wa kahawa. Ma Koku, mjane mwenye kibanja kikubwa cha migomba, akanipa kazi na chumba cha uani. Nilikuwa na nguvu tele, na mbwa wa kahawia aliyenifuata kutoka sokoni. Nilimwita Watasema.

Asubuhi moja nikikata mkungu wa ndizi, panga lilidondoka. Niliinama kuliokota, mkono wa kulia ukagoma. Mguu ukafuata. Nilianguka, mdomo umepinda, mate yanatoka, nimejikojolea. Watasema alibweka mpaka watu wakaja. Wanaume wa kijiji walinibeba kwa machela ya miti hadi barabarani, gari likanipeleka hospitali.

"Ni kiharusi," alisema daktari. "Presha hukuwahi kupima?"

Sikuwahi.

Niliporudi, majirani walinitunza kupita kiasi. Huko mgonjwa hatumwi wala haachwi peke yake. Walinilisha, walinigeuza, walinisafisha haja kubwa. Muuguzi wa kliniki aliagiza mazoezi kila siku, lakini nikijaribu kujiinua, mtu anasema, "Tulia, mwanangu." Nilitulia mpaka kidonda kikatoka mgongoni. Nilitulia mpaka nikaanza kungoja kufa.

Ndipo akaja Rwegasira, jirani, mwindaji wa zamani, ambaye wote humwita Ta, yaani baba.

"Shikamoo, Ta," nilisema, kama mtu mwenye uji mdomoni.

"Marahaba. Pole sana. Huyu mbwa mlangoni nani anamlisha?"

"Mimi," alijibu Ma Koku.

"Basi si wake tena. Mbwa ni wa anayempa chakula. Nipe mimi, Ma Koku. Ana miguu mizuri minne. Mwenzake humo ndani hana hata mmoja."

Watu walicheka. Ma Koku naye alicheka, kisha akaziba mdomo. Hasira ilinipanda, na ilikuwa tamu, maana sikuwa nimehisi kitu siku nyingi.

"Kuanzia kesho namlisha mwenyewe," nilisema.

"Ukishindwa?"

"Umchukue."

Jioni iliyofuata alikuja kweli, akaketi uani na fimbo yake. Nilijiburuta kwa makalio kutoka kitandani hadi jiko la nje, nikisukuma bakuli la matoke mbele yangu. Kidonda kiliniunguza. Nilianguka ubavu. Ma Koku akakimbia kuninyanyua.

"Acha, Ma!"

"Utavunjika, wewe mkaidi!"

"Nivunjike mwenyewe!"

Bakuli lilipinduka. Watasema akala pale pale chini, akamalizia kwa kulamba vidole vya mkono wangu uliokufa. Nikahisi joto. Nililia mbele ya watu wote.

"Amekula mavumbini," alisema Ta Rwegasira.

"Amekula," nilijibu.

Akaondoka mikono mitupu. Alirudi mara nyingi, na kila mara alinikuta juu zaidi: nimekaa, nimeshika ukuta, nimesimama na fimbo, bakuli likitetemeka kwenye mkono wa kulia. Baadaye nilianza kwenda na mbwa hadi mwisho wa kibanja. Nikisimama kupumua, naye anasimama.

Kliniki muuguzi aliuliza, "Mazoezi gani haya?"

"Nalisha mbwa."

Alicheka. "Wapo watafiti wanaochunguza mambo hayo, mnyama wa nyumbani na afya ya mtu. Lakini dawa usiache, mbwa apate chanjo, na mikono unawe."

Wachunguze. Mimi sikungoja majibu yao.

Ninyi mnaonisikiliza mkiwa mmelala, pimeni presha na mezeni dawa. Ninyi mnaouguza, asanteni, lakini mwacheni mgonjwa awe na kiumbe kinachomtegemea. Namshukuru Mungu. Namshukuru Ma Koku aliyenifulia nguo zangu chafu bila kukunja uso. Namshukuru hata Ta Rwegasira. Mpaka leo sijui kama alimtaka mbwa kweli.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, nilikuwa naelekea Kyerwa. Gari lilisimama, nikapanda, nikampisha Watasema naye apande. Konda akaweka mguu mlangoni.

"Mbwa hapandi, mzee. Na wewe kwa mguu huo huendi popote bila gari. Chagua."

Nikateremsha begi langu, nikashika fimbo, tukaanza kutembea.