Ndoa za Maua ya Maboga

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu nikichelewa Ezekia ataueleza yeye, na Ezekia huwa anaongeza. Nilipokuwa darasa la sita nilibeba bomba la kupulizia dawa mgongoni, nikaingia kwenye shamba la kahawa la mama mchana kweupe, kahawa ikiwa imechanua, nikatangaza vita na nyuki. Sababu yangu niliiona nzito. Jumapili iliyotangulia nyuki mmoja alinichoma mdomo wa juu wakati kwaya ya watoto inajiandaa kuimba, mdomo ukavimba, na nikaimba kama bata. Shuleni nikaitwa Bata wiki nzima. Mtu aliyezoea kuwapa wenzake majina hapendi kupewa lake, basi nikatafuta wa kumlipizia, na nyuki hawakuwa na kaka mkubwa wa kuwatetea.

Asiyewahi kukaa kijijini kwetu Hasamba kahawa ikichanua nimweleze kidogo. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, unalala jioni miti ikiwa ya kijani kama kawaida, na asubuhi moja unaamka ni kama kuna mtu amepita usiku na debe la sembe akimwaga juu ya kila tawi. Harufu inaingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ni tamu na imepoa, kama sabuni mpya ya kuogea iliyofunguliwa chumba cha pili. Na ndani ya harufu kuna sauti. Shamba zima linavuma chini chini, kama redio ya jirani iliyoachwa katikati ya stesheni mbili, na ukilala chali kati ya mistari ya miti, mvumo ule unakuingia mgongoni kupitia udongo, unasahau ulitumwa nini. Siku hizo hakuna anayefanya kazi kwenye kahawa. Hakupaliliwi, hakukatwi tawi, hata mbuzi anafungwa mbali. Mama alitueleza tangu wadogo kwamba maua ya kahawa yana aibu, ukiyasumbua yanajifunga na mti hauzai. Mimi nilikuwa nacheka. Siku moja nilisimama mwanzo wa shamba nikapiga hodi, nikafunika macho, nikayaomba radhi maua kama mtu aliyekuta watu wanaoga. Mama alinirushia kandambili, na mama hakosei.

Mwisho wa shamba kuna mparachichi, na kwenye mparachichi ulining'inia mzinga wa gogo ambao babu, baba yake mama, aliuchonga kwao Mbangala akaupakia kwenye baiskeli mpaka kwetu, mzima mzima, akisukuma baiskeli kwenye kila kilima. Ilikuwa zawadi yake mama alipoolewa. Wenzake walipewa vyombo, yeye akapewa gogo lenye kelele. Babu alikwishafariki, baba yuko Tunduma anapakia malori na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mzinga ulikuwa wa mama peke yake. Alipanda mwenyewe kurina, kanga imefungwa kichwani ikabaki nafasi ya macho tu, moshi mkononi, na alikuwa akiwasemesha nyuki Kinyiha kwa sauti ambayo sisi watoto wake hatujawahi kusemeshwa. Asali ilikuwa ya chai, ya kikohozi cha mdogo wangu, na ya wageni wanaostahili. Mimi sikuwa kwenye kundi hilo.

Dawa ililetwa na mjomba Fadhili, mdogo wake mama, anayefanya biashara Tunduma na ng'ambo kwa Wazambia. Ilikuwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maandishi, rangi ya maziwa yaliyochacha, na ilikuwa ya kabichi. Mjomba alinishika bega akaniambia, kifuniko kimoja kwa bomba zima, mjomba, usizidishe. Kifuniko kimoja niliona ni cha waoga. Mama alipoenda mashineni kusaga, nilimimina mpaka nikasikia vizuri inavyolia ndani ya bomba, nikajaza maji, nikaingia vitani. Ezekia, jirani yangu na mwenzangu wa dawati moja, alikaa juu ya uzio akitangaza mpira. Bata anachukua bomba, Bata anawatoka mabeki, Bata anapuliza. Nyuki walianguka kama punje za mtama, tukacheka mpaka Ezekia akaanguka naye upande wake. Halafu nikagundua kwamba nasikia kicheko changu vizuri mno. Mvumo ulikuwa umekatika. Ulikatika kipande kipande, mstari kwa mstari, kama watu wanaotoka kanisani mmoja mmoja mpaka unabaki wewe na mabenchi. Macho yakaanza kuniwasha, nikatapika kwenye maua. Mama alikuwa amefika njiani na ndoo ya unga kichwani. Hakuwa ameniona bado. Alisimama tu, shingo imenyooka, akisikiliza.

Alinipeleka zahanati kwanza, na huko nikaambiwa kwamba mtu wa ukubwa wangu hapaswi hata kulishika bomba lile. Kesho yake nilivaa kaptula mbili, moja juu ya nyingine, nikingoja fimbo. Fimbo haikuja. Mama alinipa ungo na ufagio mdogo wa chelewa, akanionyesha chini ya mparachichi kwa kidevu. Nyuki walikuwa wamefunika majani, na waliobaki hai walikuwa wanazunguka chini kama wamepoteza kitu. Nilifagia. Katikati ya nyuki kulikuwa na vipepeo wa manjano, mbawakawa wa kijani ambao tulikuwa tunawafunga uzi na kuwarusha, na kinyonga mmoja mdogo aliyekufa mdomo wazi. Sikuwa nimepigana na kinyonga. Nilichimba shimo nikawazika wote pamoja, na kwa siku kadhaa hata chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa kama mafuta ya gari kwenye dimbwi, hawakuja kwenye maua yetu. Mzinga ukawa gogo tu.

Mjomba alipopita kurudi Tunduma alimkuta mama amekaa jikoni, akajaribu kupunguza uzito wa jambo. Akasema nyuki si kuku, hawafugwi kwa shida, wapo tele porini, kundi lingine litakuja lenyewe.

"Pori lipi?" mama akamuuliza.

Mjomba akanyoosha mkono kuelekea bondeni, halafu mkono ukabaki hewani, kwa sababu na yeye alikuwa na macho. Ile miti ya bondeni ilikwisha kuwa mkaa na matofali ya kuchoma. Kijito kilichopita chini yake kilikuwa kinabeba maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine za kukoboa, maji yana rangi ya chai na harufu ya pombe iliyoharibika, na mahali ambapo kaka zetu walikuwa wanakamata kaa mimi na Ezekia tulikamata chupa za soda. Zilikuwa chupa kama ile ya mjomba, kila nyumba na yake, zinasuuzwa pale pale. Nilisikia yote hayo nikiwa nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kundi la mama lilikuwa limebanwa toka pande zote, likaishia kwenye ule mparachichi, na mimi ndiye niliyekwenda kulimalizia pale. Mama hakunisemesha kabisa, ukiacha njoo ule na funga mbuzi.

Baada ya Krismasi maboga yakachanua. Mama huwa anayapanda katikati ya mahindi, na ndiyo yanayotubeba miezi ile ambayo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya yana maji tu. Mwaka ule majani yalikuwa makubwa kama masufuria na maua ya manjano kila hatua, lakini kila kiboga kilichotokea kilifika ukubwa wa ndimu, kikawa cha njano, kikaoza nchani na kudondoka. Mama aliviokota kwenye kanga yake jioni baada ya jioni. Siku moja alinikuta nimekaa kizingitini, akanifungulia kanga nione, akasema bila hasira, "Hawa hawajaolewa."

Nilidhani ni utani, nikataka kucheka, nikaangalia uso wake nikaacha. Kuna mama mmoja wa kwaya, kwao Itaka, analima matikiti, ndiye aliyemweleza namna ya kufanya. Kesho yake mama aliniamsha bado giza halijaisha vizuri, akanipeleka mahindini. Ua la boga hufunguka alfajiri tu, jua likipanda linajikunja. Kuna ua dume, lina shingo ndefu nyembamba. Kuna ua jike, limekalia kiboga kidogo kama mtoto aliyekalia mpira. Unachuma dume, unalichana petali zake kama unamvua mtu koti, kinabaki kijiti chenye unga wa njano, unakiingiza ndani ya ua jike na kuzungusha polepole. Ndiyo kazi ambayo nyuki walikuwa wanaifanya bure kabla hatujaamka, na sasa ilikuwa yangu, kila alfajiri, kabla ya shule, mpaka maua yaishe.

Mwanzoni nilifanya kimya kama mfungwa. Ukungu ulikuwa unatambaa kati ya mahindi, umande ukilowanisha kaptula mpaka kiunoni, na mama alikuwa mstari wa pili, simuoni, nasikia tu majani yakimpisha. Mahali pakiwa kimya hivyo unasikia vitu vidogo, tone likiachia jani, jongoo akipita juu ya ganda kavu. Nilianza kuona kwamba kuna siku natoka mwisho mmoja wa shamba mpaka mwingine sijakutana na hata kipepeo mmoja, na maua yote yamefungua midomo. Ilikuwa kama nyumba iliyopika pilau ikakosa wageni. Nadhani ni huo upweke ulionirudishia utani. Nikachuma dume, nikakohoa kama mchungaji wetu, nikaanza.

"Bwana Boga wa Mstari wa Kwanza, unamkubali Binti Boga wa Kando ya Kichuguu, awe mke wako, katika mvua na katika ukame?"

Majani ya mstari wa pili yakaacha kutikisika. Nikaogopa.

"Muulize na yeye kama anamtaka," sauti ya mama ikaja. "Usimuoze mtoto wa watu kwa nguvu."

Nikamuuliza. Akakubali. Mama akapiga kigelegele kidogo, cha chini chini, cha kutosha kwa ukungu ule, halafu akaniambia niharakishe, mchungaji, jua linatoka na waumini watafunga milango. Kuanzia hapo nilifungisha ndoa kila alfajiri. Kulikuwa na mahari, kulikuwa na shangazi wakorofi, kulikuwa na bwana harusi aliyepatikana na siafu suti nzima. Kuna binti mmoja mama alikataa kabisa nisimpe bwana wa mstari wa mbele, eti wanatoka shina moja, ni ndugu. Ezekia alikuja siku moja kutazama, akapewa kuwa msimamizi wa bwana harusi, tukachelewa shule, tukachapwa wote wawili. Nikiwa darasani vidole vyangu vilikuwa vya njano mpaka saa nne, navinusa chini ya dawati, vina harufu ya majani mabichi na usingizi.

Sasa niko kidato cha tatu, na naitwa majina mengine. Mzinga wa babu una nyuki tena, kundi dogo, jeusi jeusi, lenye hasira kuliko la zamani. Lilikuja msimu wa pili baada ya mama kuupaka mzinga nta na mchaichai na kungoja. Kahawa ikichanua bado inatoa harufu ile ile, lakini nikilala chali kati ya mistari nalazimika kuzuia pumzi ndipo nisikie mvumo, na zamani ulikuwa unanifuata hadi kitandani. Mjomba bado analeta chupa. Mama anazipokea kwa heshima na kuzifungia sandukuni, na ufunguo analala nao. Majirani wengine wanapuliza jioni maua yakishaanguka, wengine wanapuliza wanapojisikia. Kwenye kijito sijaona kaa, ingawa mdogo wangu anaapa kwamba aliona mmoja, na mimi sina haki ya kumwita mtu muongo. Shuleni tumefundishwa somo zima la uchavushaji, mwalimu akauliza nani anaweza kueleza, nikanyoosha mkono nikaanza na mahari. Nilitolewa nje.

Lakini nikiwa nje pale, nimeegemea ukuta, nilikuwa nairudia asubuhi moja ya mwaka ule, karibu na mwisho wa maua. Ukungu ulikuwa mzito, mama alikuwa amenisogelea, yuko mstari mmoja na mimi, kanga yake imelowa. Nilikuwa nimeinama juu ya ua jike, dume mkononi, nimeshakohoa, nimeshafika kwenye "katika mvua na katika ukame", ndipo ua likatikisika kabla sijaligusa. Ndani yake, chini kabisa, alikuwepo nyuki. Mmoja. Sijui alitoka wapi, bondeni hakukuwa na kitu na gogo la babu lilikuwa tupu. Alikuwa amejipaka unga wa njano mpaka kwenye macho, anajizungusha humo taratibu kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Nikabaki nimeshika kijiti changu hewani, mdomo wangu ukikumbuka maumivu ya ile Jumapili. Mama akainama pembeni yangu. Tukamtazama mpaka akamaliza, akapanda ukingo wa ua, akajifuta uso kwa miguu ya mbele, akaruka kwenye ua la pili, ambalo nalo nilikuwa nimelikusudia. Nikanyoosha mkono nimuwahi. Mama akanishika kiwiko, akanivuta nyuma, akasema:

"Sogea. Mwenye kazi yake amekuja."