Bi Sekunde na Pointi Mbili za Nyundo

Tk. Kimya kidogo. Tk.

Ni saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi, na mlio huo mdogo unatoka chini ya shuka. Ni saa ya kupimia muda, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba. Mwenye kidole ameifunika ili isimwamshe bintiye wa miaka sita, aliyelala chali, mguu mmoja juu ya paja la mama.

Televisheni inawaka bila sauti, ikirudia mechi ya Jumamosi iliyopita. Kila mshambuliaji wa timu ya mji anapopata mpira, mama anabonyeza. Akiupoteza, anabonyeza tena, kisha anachora kistari kwenye daftari bila hata kulitazama.

"Watu wanadhani mimi ni mpenzi wa mpira," ananong'ona. "Mimi napenda kutazama mtu akifanya kazi. Na wale wako kazini."

Mtaani wanamwita Bi Sekunde. Ana miaka thelathini na minne, na kila Ijumaa gazeti moja la michezo huchapisha makadirio yake: washambuliaji sita wa timu hiyo watavuna pointi ngapi kwenye fantasi mwishoni mwa wiki.

Kwa asiyecheza, fantasi ni mchezo wa kwenye simu. Unachagua wachezaji wa kweli, unaunda timu yako, halafu unapata pointi kwa wanachokifanya uwanjani. Mshambuliaji akicheza dakika sitini anakupa mbili. Akifunga goli, nne zaidi. Uliyemvisha ukapteni, pointi zake zinahesabiwa mara mbili.

Wiki hii ni mzunguko wa mwisho wa ligi. Na mbele ya straika anayeitwa Nyundo, aliyefunga katika mechi nne mfululizo, Bi Sekunde ameandika tarakimu moja tu: 2. Maana yake Nyundo atacheza, atatoka jasho, na hatafunga.

Mji mzima umempa Nyundo ukapteni.

Jina la Bi Sekunde lilitoka kiwandani. Kwa miaka tisa alikuwa mpima muda kwenye kiwanda cha mashati. Alisimama nyuma ya mafundi hamsini na wawili, saa ikining'inia shingoni, na kila jioni alitakiwa kumwambia msimamizi kila fundi atashona kola ngapi kesho yake.

"Mwanzoni nilikuwa nakosea kila siku ya Mungu," anasema, akicheka kimyakimya. "Nilikuwa naangalia jana mtu kashona ngapi. Kumbe swali si hilo. Swali ni nani anamletea vitambaa, na vinafika saa ngapi. Fundi hodari akikaa bila kitambaa, atashona hewa?"

Kiwanda kilifungwa miaka mitatu iliyopita. Alipewa mshahara wa miezi miwili na barua ya shukrani, akaanza kupiga pasi nguo za watu, nyumba nne kwa wiki. Jioni alirudi miguu imevimba, akaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi, na mbele yake mama mkwe alikuwa kwenye simu akipanga timu yake ya fantasi.

"Akaniambia, 'Mama, huyo usimweke, hapelekewi mpira,'" anasimulia mama mkwe, mwanamke wa miaka sitini na saba ambaye hajawahi kukosa mzunguko hata mmoja. "Nikamjibu, mwanangu, wewe kapige pasi zako, mpira niachie mimi. Wiki sita nikawa wa mwisho kwenye kundi letu. Ya saba nikafyata mkia, nikamsikiliza."

Ni mama mkwe huyohuyo aliyepiga picha kurasa za daftari na kuzituma kwa mhariri wa gazeti, bila kumuuliza mwenye daftari. Mhariri akampa Bi Sekunde msimu mmoja wa majaribio. Malipo ya ukurasa ni sawa na nyumba tatu za kupiga pasi. Ya nne bado anaipiga, kila Jumanne.

Sasa majaribio yanaisha. Wakubwa wa gazeti wanataka kununua jedwali la kompyuta kutoka nje, ambalo bei yake ni rahisi na halina homa wala mtoto. Watakaa Jumapili kuamua ukurasa uende kwa nani.

Na kuna kosa moja ambalo hawajalisahau.

Mwezi wa pili wa msimu, mtoto alishikwa na homa. Bi Sekunde aliangalia mechi akiwa amembeba mgongoni, sauti imezimwa, macho mazito. Akahesabu mashuti kumi na manne ya winga wa kulia, akamkadiria pointi kumi na moja. Wasomaji wakampa winga ukapteni. Winga akapata pointi moja.

"Nikarudia mkanda kutafuta nilipojikwaa," anasema. "Alipiga mashuti saba tu. Mengine saba yalikuwa marudio! Kila shuti wakilirudisha taratibu kwenye skrini, na mimi nahesabu tena."

Ijumaa iliyofuata aliandika mwenyewe, juu kabisa ya ukurasa: Nilihesabu marudio, mnisamehe. Tangu hapo haangalii mchezaji peke yake. Anaangalia pia kisaa cha pembeni ya skrini, maana marudio yakianza, kisaa hupotea.

Saa tatu asubuhi, mtoto akiwa ameshapelekwa shule, simu inaita. Ni mhariri. Bi Sekunde anaiweka sauti ya nje ili aendelee kuosha vyombo.

"Dada, hii mbili ya Nyundo ni kosa la kuchapa?"

"Hapana, kaka. Ni mbili."

"Mkurugenzi mwenyewe kampa ukapteni."

"Mpe pole yake."

"Nakwambia kweli! Kompyuta imempa nane. Akifunga kesho kutwa, Jumapili sina neno la kukutetea. Mpe hata tano, tuonekane tuna adabu."

Bi Sekunde anafuta mikono na kufungua daftari, ingawa namba anazijua kwa kichwa. Katika mechi nne zilizopita, Nyundo alipiga mashuti kumi na moja. Tisa kati ya hayo yalitokana na krosi za mtu mmoja, beki wa kushoto. Na beki wa kushoto alikula kadi nyekundu Jumamosi.

"Kila mtu anamtazama anayefunga," anamwambia mhariri. "Anayempelekea vitambaa hayupo, kaka. Hizo tano atazishona kwa nini?"

Upande wa pili kuna pumzi ndefu.

"Safari hii hujahesabu marudio?"

"Safari hii hata kope sijapepesa."

"Haya. Mbili inakwenda mtamboni. Na mimi nakwenda kuswali."

Akikata simu, anarudi kwenye vyombo. Anaosha kikombe kimoja mara mbili. "Sitasema siogopi," anasema. "Nikiupoteza ukurasa, narudi kwenye nyumba nne. Lakini nikiandika tano kwa sababu ya uoga, basi ukurasa nitakuwa nimeshaupoteza mwenyewe."

Jumamosi alasiri sebule imejaa. Majirani wamekaa hadi mlangoni, viatu vimerundikana kwenye ngazi. Mama mkwe yuko kiti cha mbele, shingoni skafu ya timu.

"Mwanangu, nakwambia mapema, nimempa Nyundo ukapteni," anasema bila kugeuka. "Moyo umekataa."

"Hata usijali, mama. Chakula utapewa."

"Bi Sekunde, leo utahama mtaa!" anapaza sauti fundi viatu wa jirani, na sebule nzima inaangua kicheko. Yeye anacheka nao, kalamu mkononi, macho kwenye kisaa cha pembeni.

Kipindi cha kwanza Nyundo anagusa mpira mara sita. Anakimbia, anainua mikono kudai krosi, lakini kushoto kuna kijana mgeni anayerudisha mpira nyuma kila anapoupata. Vicheko vinaanza kupungua.

Dakika ya hamsini na mbili mpira unadunda, unamwangukia Nyundo mguuni. Anapiga. Sebule nzima inasimama, mama mkwe anapiga ukelele, na mpira unagonga mwamba, unarudi uwanjani.

Bi Sekunde hajasimama. Kidole kimekazana juu ya saa mpaka ukucha umekuwa mweupe. Anachora kistari kimoja.

"Hilo moja nilimpa," anasema polepole. "Daftarini niliandika atapiga shuti moja. Lingeingia, hesabu yangu ya mashuti ingekuwa ileile, ila leo ningelia."

Dakika ya sabini na nne kocha anamtoa Nyundo. Pointi mbili. Mama mkwe anavua skafu, anaikunja vizuri na kuiweka mapajani mwa mkwewe.

Siyo kwamba kila kitu kilimwendea vizuri. Winga wa kulia, ambaye alimkadiria saba, alipewa kadi ya njano, akakatwa pointi, akaambulia moja. "Huyo kanishinda tena," anasema. "Nitamwandika juu kabisa."

Jumapili saa nne asubuhi amekaa kwenye kigoda, mtoto katikati ya magoti yake, kitana mdomoni. Nywele za upande wa kushoto zimeshasukwa. Za kulia zimesimama kama zilivyoamka. Simu inaita, iko sakafuni, na safari hii Bi Sekunde anaibonyeza kwa kidole cha mguu.

"Dada, wamemaliza kikao sasa hivi," anasema mhariri. "Mkurugenzi kaweka karatasi mbili mezani. Kompyuta nane, wewe mbili. Kazitazama mpaka chai yake imepoa."

Bi Sekunde anatoa kitana mdomoni. "Na winga?"

"Nikamwambia winga umemkosea, na kosa umeshaniandikia mwenyewe. Akasema, kompyuta yenyewe itaniomba msamaha lini? Ukurasa ni wako, msimu ujao mzima. Ila wanataka timu nne, siyo moja."

Bi Sekunde ananyoosha mgongo. Kisha anajibu kwa sauti ya kiwandani, ile ya mtu mwenye saa shingoni.

"Timu nne sina macho, kaka. Nataka watu wawili. Walikuwa mstari wa tatu kiwandani, mmoja wa mikono ya shati, mmoja wa vifungo. Sasa wanauza mitumba. Wale wakihesabu kitu, kimehesabiwa."

"Nitakuombea mmoja."

"Omba wawili."

"Dada, wewe!"

"Wawili, kaka."

Mhariri anacheka, anashindwa. "Haya, wawili. Waje kesho saa tatu."

Simu inakatika. Bi Sekunde anautazama ukuta ulio mbele yake na kueleza anachokiona pale: meza ndefu, televisheni tatu, kila mtu na yake, birika la chai katikati. Anataka iwe tayari kabla msimu haujafunguliwa. Ile nyumba ya Jumanne ataiaga wiki hii, kwa heshima, nguo zote zikiwa zimenyooka.

"Tulivunjwa siku moja, mimi na mafundi wote hamsini na wawili," anasema. "Nikiwarudisha wawili, nimeanza."

Mikono imesimama hewani, fungu la nywele katikati ya vidole. Macho yamemjaa maji, naye anayaacha. Mtoto anangoja, anangoja, kisha anageuza shingo na kumtazama.

"Mama, bado upande huu."